DNS ya siri kwenye simu: otomatiki, jina la seva, au programu?

Kwenye meza za mafundi simu wa Ngamiani, Tanga, swali huja hivi: "Niweke DNS ya Google au ya Cloudflare?" DNS ndiyo inayoiambia simu tovuti iko wapi, na ya siri ni ile ambayo walio njiani hawasikii ukiuliza. Google na Cloudflare ni kampuni mbili kati ya zinazoitoa, na kuchagua kati yao ni swali la pili. La kwanza ni utaiweka wapi: kwenye mfumo wa simu, kwenye programu, au ndani ya kivinjari tu. Mtoa huduma yuleyule, kwenye simu ileile, anaweza kukufaa au asikufae kabisa kutegemea umemwingiza kwa mlango gani. Tena kinachowafanya watu waiondoe DNS ya siri mapema ni ile siku simu ilipokata intaneti ghafla na hakuna aliyejua pa kushika. Habari ya kasi ni ndogo sana mbele ya hiyo. Ndiyo maana katika ulinganisho huu nimeangalia zaidi mambo mawili: nani atabaki na orodha ya tovuti unazofungua, na siku ikigoma utatokaje.

Maelezo mafupi kwanza. Ukiandika anwani ya tovuti au ukifungua programu, simu haijui seva iko wapi. Inaiuliza seva ya DNS, inapewa namba ya IP, yaani anwani ya seva hiyo, ndipo inaunganishwa. Mfumo huo aliubuni Paul Mockapetris mwaka 1983, enzi ambazo intaneti ilikuwa ya watu wachache wanaoaminiana, na kwa asili yake maswali husafiri wazi. Ni kama mgeni kufika kwenye kijiwe cha kahawa na kuuliza kwa sauti nyumba ya fulani iko wapi: anayemjibu ni mmoja, waliosikia ni benchi zima. DNS iliyosimbwa, yaani hii ya siri, ni kumnong'oneza yule mmoja. Benchi halisikii tena, ila aliyenong'onezwa anajua, na walio barabarani bado watamwona mgeni akiingia mlangoni.

Hilo la mwisho lishike vizuri, kwa sababu wauzaji wa "simu salama" hulificha. Hata ukisimba DNS, simu inapoanza kuzungumza na tovuti ya HTTPS, jina la tovuti hiyo kwa kawaida hutajwa wazi katika ujumbe wa kwanza, na namba ya IP huonekana muda wote. Kampuni ya laini yako, au mwenye waifai ya gesti, bado anaweza kujua umekwenda wapi akiamua kuchungulia kwa bidii. Anachopoteza ni njia rahisi kuliko zote ya kuchungulia, na pia njia ya kukudanganya: kwenye DNS ya wazi, mtu aliyeshika waifai anaweza kukujibu namba ya uongo akakupeleka kwenye ukurasa bandia. Mimi hiyo ya pili ndiyo inayonifanya niiweke.

Otomatiki, au jina uliloandika mwenyewe

Android 9, iliyotoka 2018, ndiyo iliyoleta sehemu inayoitwa DNS ya Faragha. Simu yako ikiwa ya Kiingereza imeandikwa Private DNS. Kwenye Samsung imejificha ndani ya Connections, kisha More connection settings. Kwenye Tecno, Infinix na itel menyu hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo usijisumbue kukariri: fungua setingi, gusa sehemu ya kutafutia juu kabisa, andika DNS. Utakuta machaguo matatu. Moja linazima, moja ni Otomatiki, na la tatu lina nafasi ya kuandika jina la seva.

Simu nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye Otomatiki, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba tayari wamelindwa. Otomatiki inafanya hivi: inachukua seva ileile ya DNS iliyopewa na mtandao ulioingia, inajaribu kuzungumza nayo kwa siri kupitia mlango (port) namba 853, na ikikuta seva hiyo haina mlango huo, inarudi kuuliza wazi kama zamani. Haikwambii. Haihakiki hata cheti cha seva kujua kama ndiye yule anayesema ndiye. Kwenye simu nyingi unaweza kujua kilichotokea kwa kutazama maandishi madogo chini ya Private DNS: yakisomeka On, seva ya mtandao huo imekubali usimbaji, yakibaki Automatic, maswali yako yanakwenda wazi. Jaribu kwa laini yako ya kwanza, kisha ya pili, kisha kwenye waifai ya kazini. Majibu yanaweza kutofautiana, na hilo pekee linatosha kukuonyesha kwamba Otomatiki si uamuzi wako. Mtandao uliomo ndio unaokuamulia.

Ukiandika jina la seva, hali inageuka. Simu inaiendea seva hiyo tu, kwa laini yoyote na waifai yoyote, inahakiki cheti chake, na ikishindwa kuipata haiulizi kwingine. Inakaa kimya. WhatsApp inabaki na alama moja ya kijivu, programu ya benki inazunguka, Instagram tupu, na juu ya kioo unapata ujumbe kwamba seva ya DNS ya faragha haifikiki. Kupiga simu, meseji na menyu za *150*00# na wenzake zinaendelea kama kawaida, maana hizo hazipiti kwenye intaneti. Wakala wa fedha anayetumia menyu hatakwama. Anayetumia programu atakwama.

Je, hutokea lini? Sehemu ya kwanza ni waifai zenye ukurasa wa kuingilia, zile za kukuomba namba ya chumba au nenosiri la mapokezi. Tanga ya waja leo waondoka leo ina wageni wa hoteli na gesti kila wiki, na waifai za namna hiyo utazikuta Raskazone hadi jirani na stendi ya Kange. Mara nyingine ukurasa unafunguka vizuri, mara nyingine simu inang'ang'ania seva yake na ukurasa hauji; hapo unaizima DNS, unaingia, kisha unairudisha. Sehemu ya pili ni mitandao ya ofisi na vyuo iliyofunga mlango 853 kwa makusudi. Huko hakuna ujanja wa kitufe, ni kutumia bando lako mwenyewe au kukubali kanuni za mwenye mtandao.

Ya tatu ni mtandao dhaifu. Kuanza mazungumzo yaliyosimbwa kunahitaji kwenda na kurudi mara kadhaa kabla swali la kwanza halijajibiwa. Mjini huwezi kuhisi, kwa sababu mazungumzo yakishafunguka yanatumika tena na tena. Lakini panda Lushoto au Amani, alama ya mtandao ishuke hadi E, au kaa kwenye basi la Dar ambalo simu inarukaruka mnara hadi mnara, uone ukurasa wa kwanza unavyochukua muda. Ya nne inachekesha kidogo: tarehe ya simu. Betri ikifa kabisa na simu ikaamka inadhani ni mwaka mwingine, vyeti vyote vinaonekana havijaanza au vimekwisha muda, na DNS ya siri inakataa katakata. Sahihisha tarehe, mtandao unarudi.

Sababu nyingine ya kugoma ni jina lenyewe. Nafasi ile inataka jina la seva, kwa herufi, bila https mbele na bila mkwaju nyuma. Ukiandika 1.1.1.1 au 9.9.9.9 haitakubali. Ukikosea nukta moja, inaweza kukubali kuhifadhi na kisha ukakosa intaneti.

Kwa mtu anayeshika simu yake mwenyewe na anayeweza kukumbuka kurudi setingi, ningesema andika jina, usibaki Otomatiki. Lakini usimwekee kila mtu. Fikiria shangazi yako yuko Pongwe, wewe uko Dar, simu ikagoma anakupigia: "Mwanangu, hiki kisimu kimekufa." Unajibu shikamoo, unaanza, "Shangazi, fungua setingi, shuka chini, tafuta palipoandikwa..." Yeye anakuuliza setingi ndiyo ile ya gia? Kwa simu ya namna hiyo Otomatiki ni chaguo la heshima. Ulinzi ambao mwenye simu hawezi kuuzima siku ya shida unamfanya awe mtumwa wa mpwa wake.

Programu zake je?

Ukiwa na Android 8 au ya chini, sehemu ya DNS ya Faragha haipo, na programu ndiyo njia. Intra, iliyotengenezwa na kitengo cha Jigsaw cha Google na kutoka 2018, ilibuniwa kwa ajili ya simu za aina hiyo: unaifungua, unawasha, basi. Programu ya 1.1.1.1 ya Cloudflare ilitoka mwaka huohuo. Rethink ni ya wale wanaopenda kuchokonoa. Inakuonyesha kila programu ya simu inauliza nini na unaweza kuifungia moja moja. Ukitaka kujua ule mchezo wa watoto unaongea na seva ngapi usiku wakati simu imelala, Rethink itakushangaza.

Faida ya programu ni kwamba nyingi zinatumia DoH (DNS juu ya HTTPS), njia iliyowekewa kanuni mwaka 2018 inayopitisha maswali kwenye mlango 443, uleule wa tovuti zote za HTTPS. Mtandao uliofunga 853 hauwezi kufunga 443 bila kufunga tovuti zenyewe. Pia kuzima ni kubonyeza kitufe kimoja kikubwa, hata shangazi wa Pongwe anaweza.

Hasara zake ni mbili na zote nzito. Kwanza, kwenye Android programu hizi hukalia nafasi ya VPN ya simu (VPN ni njia ya kupitisha data yako yote kwenye seva ya mtu mwingine), hata kama hazisafirishi data yako popote. Nafasi hiyo ni moja. Ukiwa na VPN ya kazini, mojawapo itabidi ipishe. Pili, simu nyingi za bei yetu huua programu zinazokaa nyuma ili kuokoa chaji na kumbukumbu, na programu ikiuawa unarudi kwenye DNS ya wazi bila kujua. Unaweza kuiruhusu isiuawe kwenye setingi za betri, ila hapo umeshaongeza kazi juu ya kazi.

Kuna na jambo la alama ya ufunguo inayotokea juu ya kioo nafasi hiyo ya VPN ikitumika. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo la kuwataka watu binafsi na kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao kwake, na tangu hapo watu huulizana kama DNS ya siri nayo ni VPN. Kiufundi ni vitu viwili: DNS iliyosimbwa haibadilishi anwani yako ya IP wala haipitishi data yako kwenye seva ya mtu mwingine, inasimba swali la jina tu. Kuwa macho, hata hivyo, na programu ya 1.1.1.1, kwa sababu ndani yake kuna hali mbili. Moja ni DNS peke yake. Nyingine inaitwa WARP, na hiyo inapitisha data yako yote kwa Cloudflare, kwa hiyo ni VPN. Soma kilichoandikwa kabla ya kuvuta kitufe.

Kwa Android 9 na kuendelea sioni sababu ya kuweka programu kwa ajili ya DNS tu, isipokuwa uko kwenye mtandao unaofunga 853 au unataka yale mambo ya Rethink. Mfumo wa simu unafanya kazi hiyo kimyakimya, hauli chaji, na hauhitaji masasisho. Kitochi chenye KaiOS hakina sehemu hii katika setingi zake za kawaida, tusipoteze muda.

Kivinjari peke yake

Chrome na Firefox za Android zina setingi yao ya DNS salama, mbali na ya mfumo. Ni nzuri kwa simu ya kazini ambayo huruhusiwi kugusa setingi za mtandao. Kwa matumizi ya kawaida ya hapa kwetu inafunika sehemu ndogo, maana muda mwingi mtu hayuko kwenye kivinjari. Yuko WhatsApp, TikTok, YouTube, programu ya benki. Zote hizo zitaendelea kuuliza wazi.

Wenye iPhone

Apple hawakuweka nafasi ya kuandika jina. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 kuna njia mbili: kuweka programu ya mtoa huduma, au kupakua wasifu, yaani faili dogo la setingi, kutoka tovuti ya mtoa huduma mwenyewe, kisha kuuthibitisha ndani ya General, VPN & Device Management. Wasifu ni bora kwa anayetaka kuweka na kusahau, na unafanya kazi kwenye waifai na kwenye data ya laini. Tofauti na Android, programu ya DNS kwenye iPhone inaweza kutumia sehemu maalumu ya DNS bila kukalia nafasi ya VPN.

Usikubali wasifu uliotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyetuma ni ndugu. Faili hilo linaamua maswali yako yote yaende kwa nani. Hali kadhalika kwa wenye Android: kuna mafundi wanaokuwekea jina la seva wasilolijua asili yake kwa sababu "linaondoa matangazo". Ukirudishiwa simu kutoka kwa fundi, pita pale kwenye Private DNS uone pameandikwa nini.

Jambo jingine linalochanganya kwenye iPhone na Android zote: kuandika 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye setingi za waifai. Hapo umebadilisha unayemuuliza, na kwa waifai hiyo tu. Simu mpya zinaweza kujaribu zenyewe kusimba mazungumzo na seva hiyo, lakini hakuna anayekuhakikishia. Bando la laini halijaguswa hata kidogo.

Sasa, umuulize nani

Majina ya kuandika kwenye Android ni haya. Yanakili kama yalivyo.

| Mtoa huduma | Jina la seva | Kinachochujwa |
|---|---|---|
| Google | dns.google | Hakichujwi kitu |
| Cloudflare | one.one.one.one | Hakichujwi kitu |
| Cloudflare | security.cloudflare-dns.com | Tovuti za virusi na utapeli |
| Cloudflare, familia | family.cloudflare-dns.com | Hizo, pamoja na za ngono |
| Quad9 | dns.quad9.net | Tovuti za virusi na utapeli |
| AdGuard | dns.adguard-dns.com | Matangazo na wafuatiliaji |
| AdGuard, familia | family.adguard-dns.com | Hayo, pamoja na ngono |

Google ndiyo kongwe kati yao. DNS yake ya umma ilianza Desemba 2009. Inasema kumbukumbu zenye anwani yako kamili ya IP hufutwa ndani ya saa 24 hadi 48. Uzuri wake mkubwa kwetu ni wa kiufundi. Inapouliza kwa niaba yako hupeleka sehemu ya anwani yako ya IP kwa seva za tovuti, ili upewe seva ya video au picha iliyo karibu nawe. Ubaya wake ni huohuo, kwamba kipande cha anwani yako kinasafiri mbele zaidi, na kwamba kampuni inayojua barua pepe zako, ramani zako na unachotafuta sasa inaongezewa na hili. Kama simu yako ni Android yenye akaunti ya Google, unaweza kusema wameshajua. Mimi nasema hiyo ni sababu ya kutowaongezea.

Cloudflare ilifungua yake tarehe 1 Aprili 2018, na sera yake inaahidi kufuta kumbukumbu ndani ya saa 25 na kutouza data. Haipeleki kipande cha anwani yako mbele. Yeye na Google wana upendeleo mmoja kwenye Android: Julai 2022 Google ilitangaza kwamba Android 11 na kuendelea zitatumia njia mpya, DoH juu ya HTTP/3 (toleo jipya la njia ya kusafirisha tovuti), kwa seva za kampuni hizo mbili, yaani dns.google na cloudflare-dns.com. Njia hiyo inaanza mazungumzo kwa safari chache na haikwami kirahisi pakiti moja ikipotea. Mtu wa mashamba ya mkonge huko Korogwe au Muheza ambaye mtandao wake unakuja na kuondoka ataiona tofauti kuliko mtu wa Chumbageni.

Quad9 ni shirika lisilo la faida. Ilianza Novemba 2017, na mwaka 2021 ikahamishia makao yake Zurich, Uswisi, ili iwe chini ya sheria za faragha za huko. Haihifadhi anwani za IP za wanaouliza. Inachuja tovuti zinazojulikana kwa virusi na utapeli, ikikusanya orodha kutoka taasisi nyingi za usalama. Mwaka 2021 mahakama ya Hamburg, Ujerumani, iliiamuru izuie tovuti moja kwa shauri la kampuni ya muziki. Quad9 ikapigana nalo hadi Dresden, ikashinda Desemba 2023. Nalitaja kwa sababu linakuonyesha kwamba aliyeshika DNS hushinikizwa, na tabia yake chini ya shinikizo ni sehemu ya unachochagua. Ukiona video zinakuja polepole ukiwa nayo, jaribu dns11.quad9.net, ambayo nayo hupeleka kipande cha anwani yako kama Google.

AdGuard, yenye makao Saiprasi, ndiyo inayopendwa zaidi na vijana, na ninaelewa: kwa bando la kupima kwa MB, tangazo lisilopakuliwa ni hela iliyobaki. Usimbaji wenyewe hauongezi gharama ya kuogopesha. Swali moja hujazwa hadi kufika mafungu ya baiti 128, na jibu mafungu ya baiti 468, ili mchunguliaji asibahatishe kwa kuangalia ukubwa. Picha moja ya WhatsApp inazidi mamia ya maswali hayo. Matangazo uliyozuia yanafidia zaidi. Ila zijue kasoro zake. Matangazo ya YouTube hayataondoka, kwa kuwa yanatoka kwenye seva zilezile za video. Ile michezo ya "tazama tangazo upate maisha" haitakupa maisha, na mtoto atalia. Viungo vingine vya ofa na punguzo vitakataa kufunguka, nawe utadhani tovuti imekufa.

Kuhusu seva za familia, wazazi wengi hutaka kuamini kwamba wakiandika jina hilo kwenye simu ya mtoto kazi imekwisha. Inazuia tovuti nzima kwa jina lake. Kinachotumwa ndani ya WhatsApp, Telegram au TikTok hakipiti hapo, na mtoto wa sekondari anayejua kutafuta neno DNS kwenye setingi ataizima kabla hujafika sokoni Mgandini. Kwa watoto wadogo inasaidia kweli. Kwa wakubwa, zungumza nao.

Hakuna hata mmoja kati yao atakayekukinga na meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Ile haina tovuti ya kuzuia. Wala hatazuia programu ya mkopo uliyoipa ruhusa mwenyewe ya kusoma majina yote kwenye simu.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini kampuni hizi zote ziko nje, kwa hiyo kwa vitendo unaegemea sera zao zenyewe. Hapo ndipo mizani yangu inapolalia Quad9: haina biashara ya matangazo, haibaki na anwani, na inachuja hatari bila kuvunja programu nyingi. Nikiwa na mtu anayeishi kwenye mtandao dhaifu nampa cloudflare-dns.com, isiyochuja kitu, kwa ajili ya ile HTTP/3. Anayebana bando nampa AdGuard na onyo la michezo. Google namwachia anayelalamika kwamba video zimekuwa nzito na aliyeshaamua kwamba faragha kwa Google hana.

Ukishahifadhi jina, usiishie kuona WhatsApp imefunguka. Kwa Quad9 fungua on.quad9.net, itakujibu ndiyo au hapana. Kwa Cloudflare fungua 1.1.1.1/help uangalie kama imeandika kwamba unatumia DoT (ile ya mlango 853) au DoH. Fanya hivyo ukiwa kwenye data, kisha kwenye waifai ya nyumbani, kisha badilisha uende laini ya pili, kwa sababu karibu kila simu hapa mjini ina laini mbili na kila mtandao una tabia yake. Mwisho zima kwa makusudi, rudisha Otomatiki, kisha andika jina tena, ili siku ya gesti yenye ukurasa wa kuingilia vidole vijue njia. Jina lenyewe liandike kwenye karatasi au kwenye simu ya mwenzako; ukiwa huna intaneti hutaweza kulitafuta mtandaoni.